Kikaratasi kilichosema USIZIME

Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na swichi nyuma ya mlango wa chumba cha mafaili, na juu ya swichi hiyo palibandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. Hakikuwa na tarehe wala jina la aliyekiandika. Selotepu ilikuwa imegeuka njano, pembe moja imejikunja, na mtu fulani aliyetutangulia alikuwa ameongeza alama ya mshangao kwa wino wa rangi nyingine, kana kwamba aliona neno lenyewe limeanza kuishiwa nguvu.

Miezi ya mwanzo nilikiheshimu, kama kila mtu. Siku niliyouliza swichi ile inawasha nini, mwenzangu aliyekuwa na miaka mitatu pale alinijibu bila kuinua macho: "Hatujui. Ila ukiizima kuna kitu kinaharibika." Mzee wa masijala, ambaye pengine ndiye angejua, alikuwa amestaafu, na hakuna aliyewaza kumpigia simu kwa ajili ya swichi.

Kisha akaja kijana mpya, mwerevu, asiyependa mambo ya gizagiza. Akafanya kile ambacho sisi wote tulikuwa tukitamani kimoyomoyo: akaizima. Hakuna kilichotokea. Taa zilibaki zinawaka, kompyuta hazikutikisika, simu ikalia kama kawaida. Akatugeukia na kuinua mabega. Tukacheka, tena kicheko cha watu waliogundua kwamba wameogopeshwa na karatasi kwa miaka, na swichi ikabaki imezimwa.

Siku tisa baadaye mtu alifuta kwa bahati mbaya faili la malipo. Hakuna wasiwasi, bakapu ipo. Tukaifungua bakapu, tukakuta imekomea siku ile ile ya kicheko. Kifaa kilichokuwa kinahifadhi nakala kilikaa juu ya kabati upande wa pili wa ukuta, kimefunikwa vumbi na maboksi, na umeme wake ulitokea kwenye swichi ile. Tuliingiza upya kazi ya siku tisa kutoka kwenye risiti za karatasi, usiku na mchana, na katika kikao cha kujadili mkasa huo mtu mmoja akatoa kauli iliyofunga mjadala: ajali haina kinga.

Hasara yenyewe nimekwisha kuisahau. Kilichonibaki ni tulichofanya baada ya hapo. Mkuu wa kitengo aliagiza kikaratasi kipya. Kikachapwa kwa herufi kubwa nyekundu, kikatiwa plastiki, kikabandikwa mahali pa kile cha zamani: USIZIME KABISA. Sababu haikuandikwa. Tulikuwa tumeumia, tukaandika somo, na somo lenyewe likawa lile lile lililotushinda mara ya kwanza, safari hii likiwa limevaa nguo mpya.

Nimekuwa nikikikumbuka kikaratasi hicho kila ninapomsikia mtu akisema kwamba historia ni mwalimu. Inasemwa sana, na huwa inasemwa kwa sauti ya kumaliza mazungumzo. Hata darasani tuliambiwa hivyo, kisha tukapewa tarehe za kukariri. Mimi nilikuwa hodari wa tarehe. Ningeamshwa usiku wa manane ningekutajia kwamba Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. Kama ungeniuliza kwa nini mkutano ule uliitishwa wakati ule na si miaka 20 kabla, ningekukodolea macho. Nilikuwa nimejaza kichwa vikaratasi vya USIZIME, na alama nikapata.

Siku hizi nasoma historia kwa hamu kuliko nilipokuwa mwanafunzi, na kadiri ninavyoisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kukumbuka na kujifunza ni kazi mbili tofauti. Watu wanaweza kukumbuka vizuri kabisa na bado wasiwe wamejifunza kitu.

Mfano ambao haunitoki kichwani ni wa kiseyeye. Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza wenyewe. Lazima iingie kwa mdomo. Ukiikosa kwa miezi kadhaa fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, ngozi hufanya madoa, na makovu ya vidonda vilivyopona zamani huweza kufunguka tena. Hilo la makovu ndilo hunisisimua kuliko mengine. Kovu, kumbe, halijakwisha. Mwili unalikarabati kila siku bila kukuambia, na vifaa vya ukarabati vikikosekana, linaachia, kidonda cha utotoni kinarudi kana kwamba hakikuwahi kupona.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alivuka kutoka Malindi hadi Calicut kwa muda usiofika mwezi, akiwa na rubani anayeijua njia na kusi ikianza kuvuma. Kurudi, aliacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaingia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakipanga maisha yao yote kwa pepo hizo mbili, lakini yeye hakusubiri. Safari ikachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani, na meli zilipofika Malindi Januari 1499, wagonjwa walikuwa wakililia machungwa, hata ikabidi mtu atumwe pwani kuyatafuta. Waliyataka machungwa kwa sababu walikwisha kuona yanavyosaidia. Hiyo ni miaka zaidi ya 400 kabla ya mtu yeyote kujua neno vitamini.

Mwaka 1601 Mwingereza James Lancaster akaondoka na meli nne kuelekea Mashariki. Katika meli yake mabaharia walipewa vijiko vitatu vya maji ya limau kila asubuhi. Katika zile tatu nyingine hawakupewa. Walipofika ncha ya kusini ya Afrika, watu wa Lancaster walikuwa na nguvu za kutosha hata ikabidi wapande kwenye meli za wenzao kuwasaidia kazi, maana kule hapakuwa na watu wa kutosha waliobaki na uwezo wa kusimama. Ungedhani jambo limekwisha hapo. Meli nne, bahari moja, tofauti ni kijiko cha limau.

Halikwisha. Kati ya mwaka 1740 na 1744 msafara wa George Anson ulizunguka dunia, na watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wao kwa kiseyeye. Waliojua miaka 140 nyuma walikuwa wamezikwa na ujuzi wao, au ujuzi wao ulikuwa umelala ndani ya vitabu vya safari ambavyo hakuna aliyevisoma kama maagizo.

Ndipo akaja James Lind, daktari wa melini. Mwezi Mei 1747, ndani ya meli HMS Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 waliofanana hali, akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa siki, wawili sharabu ya tufaha, wawili maji ya bahari, wawili matone ya tindikali, wawili mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo vingine, na wawili machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa wala machungwa alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akapewa kazi ya kuwauguza waliobaki. Huyo muuguzi ndiye ninayemfikiria sana. Alizunguka kati ya vitanda vya watu kumi wanaokunywa siki na maji ya chumvi, na jibu limo ndani ya mwili wake.

Ukisoma kisa hiki ukiwa unajua mwisho wake, kila mtu anaonekana mjinga. Serikali ya Uingereza ilikuja kuagiza maji ya limau kwa jeshi lake lote la majini mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio lile na mwaka mmoja baada ya Lind kufa. Zamani nilikuwa nakisimulia kwa namna hiyo, wakubwa wakaidi dhidi ya daktari mwenye akili, na wasikilizaji walikuwa wakifurahi. Kisha nikakutana na habari iliyonitia aibu kidogo. Lind mwenyewe hakujua alichogundua. Jaribio lake limo katika kurasa chache tu za kitabu cha kurasa zaidi ya 400 alichokitoa mwaka 1753, na kwa sehemu kubwa kitabu hicho kinalaumu hewa yenye unyevunyevu, ambayo alidhani inaziba vinyweleo vya ngozi. Alipotaka kuwarahisishia mabaharia, alipendekeza maji ya matunda yachemshwe taratibu hadi yawe mazito ili yasioze. Moto uliua sehemu kubwa ya kilichokuwa na faida ndani yake. Waliojaribu dawa hiyo ya kuchemsha hawakupona, wakasema, na huwezi kuwalaumu, kwamba limau halina lolote.

Jeshi la majini lilipoanza kugawa maji ya limau ambayo hayajachemshwa, kiseyeye kilitoweka kwenye meli zake kwa namna iliyowashangaza hata waliokuwa wakilitetea agizo hilo. Basi somo likawa limeshika. Lilikuwa kwenye kanuni, lilikuwa kwenye mapipa, lilikuwa kwenye ratiba ya kila siku ya baharia. Usingeweza kuomba somo likumbukwe vizuri zaidi ya hapo.

Miaka ya 1860, kwa sababu za biashara, malimau ya Mediterania yakabadilishwa na ndimu zilizolimwa katika makoloni ya Uingereza huko Karibiani. Kiswahili kinatofautisha limau na ndimu, ingawa hata sisi tunayachanganya majina hayo kila siku. Waingereza wa wakati ule nao walikuwa na maneno mawili na wakayatumia kiholela, moja mahali pa jingine. Ndimu ni chungu zaidi, na kwa dhana ya wakati huo uchungu ndio uliotibu, kwa hiyo mabadiliko yale yalionekana kama nafuu. Kumbe ndimu zile zilikuwa na vitamini C kidogo sana zikilinganishwa na malimau, na njia za kuyakamua na kuyahifadhi maji yake zilipunguza hata hicho kidogo. Mabaharia wa Uingereza wakapachikwa jina la utani linalotokana na ndimu, jina linalowafuata mpaka leo, na ndimu yenyewe haikuwa ikitibu.

Na hakuna aliyeona. Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa kizuri kwa namna ya kutisha. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Watu walifika bandarini na kula mboga na matunda kabla ugonjwa haujawapata. Kikombe cha ndimu kilinywewa kila siku kwa nidhamu, hakikufanya kazi yoyote, na kilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na injini.

Mwaka 1875 George Nares aliongoza meli mbili kwenda Aktiki, kwenye barafu, mbali na bandari yoyote. Mabaharia waliokuwa wakipewa maji ya ndimu melini kipindi chote cha baridi walianguka kwa kiseyeye. Sasa wataalamu wakawa na tatizo: dawa ipo, ugonjwa upo. Badala ya kuuliza kama hii ndiyo dawa ile ile, wengi wakaanza kuamini kwamba matunda hayakuwahi kuwa na uhusiano na ugonjwa, na kwamba chanzo ni sumu ya nyama iliyoharibika ndani ya makopo. Robert Scott alipokwenda Antaktika mwaka 1901 nadharia hiyo ndiyo iliyotawala, makopo yakawa yanakaguliwa, na mwaka uliofuata kiseyeye kikawapata watu wake. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1907, wanasayansi wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walipougundua ugonjwa wa aina hiyo kwa simbilisi (guinea pig) wa maabara, mnyama ambaye kwa bahati tu naye hawezi kujitengenezea vitamini C. Vitamini yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1932.

Nimekaa muda mrefu kwenye kisa hiki kwa sababu hakina mzembe. Hakuna aliyesahau. Karne nzima walikumbuka agizo la 1795 na kulitii kwa uaminifu wote. Walichokuwa nacho ni "mpe baharia maji ya tunda chungu," wala hawakuwa na "kwa sababu." Agizo lisilo na sababu halijui limebadilishiwa kitu gani ndani yake. Ndimu ikiingia mahali pa limau, agizo haliwezi kupiga kelele.

Sasa nikupeleke upande wa pili, maana kuna waliojifunza kweli. Simeulue ni kisiwa cha Indonesia kando ya Sumatra. Mwaka 1907 tetemeko lilikipiga, bahari ikafuata, na watu wengi wakafa. Waliobaki wakaliita jambo hilo smong, neno la lugha yao, na wakaanza kulisimulia. Babu alimsimulia mjukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha ukaona maji ya bahari yanarudi nyuma, usishangae samaki waliobaki mchangani, kimbilia mlimani, kwa maana bahari inajikusanya ili irudi. Hakukuwa na jengo la makumbusho wala siku ya mapumziko. Ni hadithi ya usiku na wimbo wa kumtulizia mtoto.

Asubuhi ya Desemba 26, 2004, tetemeko kubwa lilitokea karibu kabisa na kisiwa hicho. Sehemu za kaskazini mwa kisiwa zilikuwa na dakika chache tu kabla ya wimbi. Watu wakapiga kelele neno moja, smong, wakakimbia. Katika wakazi wapatao 78,000, waliokufa walikuwa saba. Indonesia nzima ilipoteza watu zaidi ya 160,000 waliokufa au kutoonekana tena, na wengi wao walikuwa ng'ambo tu, pwani ya Aceh huko Sumatra, mahali ambapo tetemeko lilisikika vizuri kabisa lakini halikuwa na jina. Baadhi walipoona maji yamerudi nyuma waliteremka ufukweni kutazama.

Najiuliza kwa nini hadithi ya Simeulue ilifanikiwa pale ambapo kanuni za jeshi zima la majini zilishindwa. Sehemu ya jibu, nadhani, ni kwamba hadithi ilibeba mnyororo mzima: kinachoanza, kinachofuata, unachokiona, kinachokuja kwa sababu hiyo, na miguu yako ielekee wapi. Hata mtoto akisahau kiungo kimoja, vilivyobaki vitamrudisha. Sehemu nyingine ni kwamba ilisimuliwa na mtu anayekupenda, jambo ambalo halipimiki na sitajaribu kulipima.

Japani nao wana mawe. Pwani yao ya kaskazini mashariki ina mamia ya mawe yaliyosimikwa kuwaonya watakaozaliwa baadaye. La Aneyoshi ndilo linalojulikana zaidi. Kijiji hicho kiliangamizwa na tsunami mwaka 1896, kikajengwa upya, kikaangamizwa tena mwaka 1933. Baada ya hapo wakasimika jiwe mlimani linalowataka vizazi vyao wakumbuke maafa ya mawimbi makubwa na wasijenge nyumba yoyote chini ya mahali hapo. Mwaka 2011 wimbi lilipanda bonde lile na kukoma kama mita 100 chini ya jiwe. Nyumba zote zilikuwa juu. Lakini mawe mengine mengi yalikuwa yamezungukwa na majani, au yalikuwa yamejengewa mitaa mizima upande wa chini, kwa kuwa miaka ilipita bila tukio na ardhi ya tambarare ni tamu. Jiwe halina mjukuu wa kumsimulia.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa historia, nami nikiwemo, hatupendi kulizungumza: historia inaweza kukufunza vibaya. Wahenga walilijua, walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anthony Eden alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1938 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje wa Uingereza kwa kutokubaliana na jinsi serikali yake ilivyokuwa ikimbembeleza Mussolini, dikteta wa Italia, na vita vilivyofuata vikaonyesha kwamba alikuwa sahihi. Fikiria kuwa sahihi kiasi hicho, katika jambo kubwa kiasi hicho, mbele ya watu waliokudharau. Miaka 18 baadaye akiwa waziri mkuu, Gamal Abdel Nasser akautaifisha Mfereji wa Suez, na Eden akamtazama kiongozi wa Misri na kumwona Mussolini. Alikuwa na somo mkononi, amelinunua kwa gharama, akalitumia. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaivamia Misri mwishoni mwa Oktoba 1956, Marekani ikawabana, wakalazimika kuondoka, na Januari 1957 Eden hakuwa tena waziri mkuu. Nyoka alikuwa wa kweli mwaka 1938. Mwaka 1956 ulikuwa ung'ongo.

Hapo kanuni ya Eden ilikuwa "usimbembeleze anayenyakua." Sababu ya kanuni hiyo mwaka 1938 ilihusu majeshi fulani, mipaka fulani, tabia ya watu fulani waliokwisha kuvamia nchi nyingine. Kanuni ilivuka miaka 18, sababu zake zikabaki nyuma. Ni ndimu na limau tena, ila safari hii ndani ya baraza la mawaziri.

Na kama maumivu ni mwalimu mbovu wakati mwingine, mafanikio ni mbovu zaidi. Chombo cha anga Challenger kililipuka Januari 28, 1986, watu saba wakafa, kwa sababu pete za mpira za kuziba viungo vya roketi hazikuziba vizuri asubuhi ile ya baridi kali. Wahandisi walikuwa wameshaziona pete hizo zikiwa zimeungua katika safari za nyuma, na usiku wa kuamkia siku hiyo baadhi yao walipinga urushaji. Lakini kila safari iliyorudi salama na pete zilizoungua ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba kuungua si tatizo. Miaka 17 baadaye, Februari 1, 2003, Columbia ikasambaratika ikirudi duniani, watu saba wengine. Safari hii ni kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa. Povu lilikuwa limebanduka mara nyingi kabla, na kila mara chombo kilirudi. Tume iliyochunguza ajali ya pili iliandika wazi kwamba ilisikia ndani yake mwangwi wa ile ya kwanza. Ripoti ya 1986 ilikuwapo. Ilikuwa imesomwa. Mipira ilirekebishwa, kwa kuwa somo lilihifadhiwa kama somo la mipira.

Kijana wetu alipozima swichi na taa zikabaki zinawaka, naye alipata ushahidi wa aina hiyo hiyo. Sisi tukampigia makofi.

Siku hizi nikisoma kisa chochote cha zamani hujaribu kujizuia nisiangalie mwisho. Najiuliza yule mtu aliamka asubuhi ile akijua nini, nani alikuwa anamlipa, alikuwa anaogopa kitu gani. Admirali aliyelikataa limau huwa ananichekesha mpaka nisome kwamba wakati huo alikuwa na dawa nyingine kadhaa mezani, kila moja ikiwa na daktari wake na wagonjwa wake walioapa kwamba imewaponya. Nikimwelewa huyo, ndipo ninapoanza kuogopa kidogo kuhusu mambo ambayo mimi leo nayaona wazi. Hofu hiyo ndogo ndiyo faida pekee ninayoweza kusema kwa uhakika kwamba nimeipata kwenye historia. Haijanifanya niwe mtabiri.

Kazini pia nimebadilika kidogo, wenzangu wananiona msumbufu. Nikiandika muhtasari wa kikao, kila azimio naliwekea mstari wa pili unaoanza na "kwa kuwa." Mara nyingi mstari huo unaishia kuwa mrefu kuliko azimio. Mara nyingine unakataa kabisa kuandikika, tunatazamana pale mezani, kisha azimio tunalifuta.

Kwa mazoea hayo, mwaka mmoja baada ya kuondoka kwenye ofisi ile, nilitafuta namba ya mzee wa masijala. Nilitaka tu kujua. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, akanikumbuka kwa sauti. Nikamuuliza: mzee, kile kikaratasi cha USIZIME nyuma ya mlango wa mafaili, ni wewe uliyekiandika?

"Ni mimi," akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu. "Ilikuwa ya faksi. Zilikuwa zinaingia usiku, na mfagiaji alikuwa akizima kila swichi akiondoka."

Nikamwambia faksi sikuwahi kuiona pale. Akaniambia iliondolewa yeye bado yupo, miaka mitano au sita kabla ya kustaafu. Nikamweleza habari ya bakapu na siku zetu tisa. Akanyamaza kidogo, akifikiri, kisha akasema huenda fundi aliyeleta kifaa hicho alitafuta soketi ambayo hakuna mtu atakayethubutu kuizima, akaona kikaratasi, akachomeka hapo.

"Kwani mlikiacha cha nini muda wote huo?" akauliza. "Mimi nilidhani mmekibandua."